JIWE LA THUWAYB

Sehemu ya kumi na moja

"Toa hilo jiwe, fundi. Mwenye kichwa amefika."

Kwa maneno hayo tuliachana wiki iliyopita, msomaji, pale juu kwenye makaburi ya Timna, jasi ikiwa bado mbichi mikononi mwa Aqrab mchongaji, na Barat amesimama mbele ya kaburi la ukoo wa Ghaylan akisubiri uso wa jiwe wa mumewe uingizwe ukutani.

Kwa aliyetukosa siku hizo: Thuwayb, mume wa Barat, alifuata msafara wa ubani kwenda kaskazini, akafia njiani. Nduguye Lahayam ndiye aliyerudi na habari. Akaapa kwa Amm, mungu wa Timna, mbele ya kuhani, kwamba amemzika kwa mikono yake mwenyewe. Matanga yakaisha, mwaka ukapita na mwingine, wazee wakamwozesha Lahayam yule mjane. Sasa Barat ni mjamzito, na mama mkwe wake, Bi Abali, hakutaka mjukuu azaliwe kabla marehemu hajawekewa jiwe lake. Ndiyo maana watu walikuwa mlimani asubuhi ile.

Na ndipo ile sauti ikatoka nyuma yao.

Wote waligeuka. Waliokuwa wakiimba maombolezo walinyamaza katikati ya neno.

Mtu aliyesema alikuwa mwembamba kama ufito. Sikio lake la kushoto halikuwapo, lilikatwa pembeni kabisa kama wanavyokatwa watumwa huko kaskazini. Pua ilikuwa imepasuliwa ikaunga vibaya. Joho lake lilikuwa matambara matupu.

"Haya makubwa!" mwanamke mmoja akapaza sauti. "Maiti kaja kula nyama ya matanga yake mwenyewe!"

Watu wakacheka, kicheko cha watu wenye hofu.

Lahayam hakucheka. "We nani?" akauliza.

"Unaniuliza wewe, Lahayam? Wewe uliyenizika?"

"Ndugu yangu nilimzika. Wewe ni mwizi wa majina. Umesikia kuna nyumba ina shamba na mjane, ukaona uje ujaribu bahati."

"Mjane yupi?" yule mtu akasema, na hapo ndipo akamwona Barat.

Barat alivuta shela yake akaifunika tumbo. Alifanya hivyo kabla hajajua kwa nini anafanya. Kisha akaona miguu ya yule mtu. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, kidole gumba cha mguu wa pili kikikuna nyuma ya goti, polepole, kama mtu anayesubiri uji upoe.

Moyo ukampasuka.

Ulimwenguni mtu mmoja tu alisimama hivyo. Alikuwa amelala naye miaka minne, na miaka mitatu alikuwa amemlilia.

"Jamani," Aqrab akasema, mikono yake bado juu, myeupe kwa jasi, "jasi haimsubiri mtu. Niingize au nisiingize?"

Yule mtu akasogea mbele. Watu wakampisha kana kwamba ananuka. Akalitazama lile jiwe lililolala kwenye mkeka, uso mweupe wa alabasta, shingo ndefu, nyusi mbili za wino, macho ya kombe yenye mboni za jiwe la buluu. Chini yake jina: Thuwayb wa Ghaylan.

"Huyu ndiye mimi?"

"Ndiye Thuwayb," Aqrab akajibu.

"Hafanani na mimi hata kidogo."

"Hakuna anayefanana. Mimi huchonga uso mmoja tu, mzuri, na wafu hawajawahi kuja kulalamika." Mchongaji akamtazama juu mpaka chini. "We ndiye wa kwanza."

Safari hii hakuna aliyecheka.

* * *

Kuhani Nabatam alikuwa mzee mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alikuwa ameketi kando ya chetezo cha ubani muda wote huo. Sasa akainuka, akapiga fimbo yake kwenye mwamba.

"Nyamazeni wote! Hapa si sokoni." Akamwelekea mgeni. "Unajua adhabu ya mtu anayejitia kuwa maiti wa watu?"

"Najua, Baba. Mawe."

"Na wewe, Lahayam. Uliapa mbele yangu kwa Amm kwamba umemzika ndugu yako. Kama uliapa uongo, unajua adhabu yake?"

Lahayam akajibu, "Najua, Baba."

"Sema."

"Mawe."

"Basi mmenielewa. Leo mmoja wenu hashuki mlima huu." Kuhani akageuka. "Mleteni mama."

Bi Abali aliletwa akishikwa mkono, kwa maana ukungu ulikuwa umeshafunika macho yake yote mawili. Alikuwa mwanamke mwenye heshima kubwa Timna. Wanawake waliomsema walimsemea mbali, wala si karibu na nyumba yake.

"Mama," yule mtu akasema, na sauti ikamkatika. "Mama, ni mimi."

Akapiga magoti mbele yake, akachukua mikono yake miwili akaiweka usoni kwake mwenyewe.

Vidole vya kizee vilianza kutembea. Paji la uso. Nyusi. Pua iliyoharibika, vikasita. Shavu. Mahali pa sikio, vikasita tena. Kisha vikashuka chini ya kidevu, na hapo vikakuta lile kovu la zamani, la siku Thuwayb alipoanguka kutoka ghorofani akiwa mtoto, na damu ikalowa kifua chote cha Bi Abali aliyekimbia naye kwa mganga.

Barat aliona kidole gumba kikilisugua lile kovu, mara moja, mara ya pili.

Kisha Bi Abali akaondoa mikono yake, akaifuta kwenye shuka lake la matanga.

"Huyu si mwanangu," akasema.

Watu wakaguna kwa pamoja. Yule mtu alibaki palepale kwenye magoti, mdomo wazi.

"Mama..."

"Mwondoeni mbele yangu. Ananuka."

Tayari kulikuwa na vijana wa ukoo wanaoinama kuokota mawe. Barat aliwaona. Alimwona mmoja akichagua, akaacha dogo, akachukua kubwa.

"Ngojeni!" kuhani akasema. "Jiwe hili aliagiza nani?"

"Mjane," Aqrab akajibu haraka. Jasi mikononi mwake ilikuwa imeanza kukauka na kupasuka. "Bi Barat ndiye aliyeagiza. Ndiye aliyekuja kwangu."

"Basi neno la mwisho ni lake. Likishaingia ukutani na jasi ikashika, Thuwayb ni mfu, hata aje ale na sisi sahani moja. Asipotaka liingie, alivunje yeye kwa mkono wake. Barat, mwanangu, sogea. Wewe ulilala na Thuwayb. Mtazame huyu mtu. Ni yeye au si yeye?"

* * *

Msomaji, ungesema nini?

Ilibidi Lahayam amshike Barat kiwiko kumsogeza, na akiwa karibu hivyo akamnong'oneza, "Barat. Fikiria mtoto."

Alikuwa akimfikiria. Mtoto mwenyewe alikuwa akicheza tumboni tangu asubuhi. Lahayam hakuwa mume mbaya. Hakuwa amempiga hata siku moja. Usiku ule wa kwanza alilala mlangoni kwenye mkeka wake mwenyewe, na akalala hapo mwezi mzima, mpaka Barat mwenyewe alipomwambia ingia ndani, kuna baridi. Akisema "ndiye", Lahayam atapigwa mawe mbele ya macho yake.

Akisema "siye", atapigwa yule mwingine.

"Naomba niseme naye kwanza," akasema.

"Sema. Ila fanya haraka, binti. Jasi inakauka."

Akasimama mbele ya mumewe wa kwanza. Karibu hivi, macho yalikuwa yaleyale. Walikuwa wamemharibu kila kitu isipokuwa macho.

"Ulikuwa wapi?" Hilo tu ndilo lililomtoka. Kama mke anayemwuliza mume aliyechelewa kurudi kutoka sokoni.

"Kwenye visima vya watu wa kaskazini. Nachota maji. Waliniuza usingizini, Barat. Nililala kwenye hema la msafara nikiwa mtu huru, nikaamka nimefungwa juu ya ngamia."

"Nani aliyekuuza?"

Thuwayb alitazama nyuma ya bega la Barat, mahali Lahayam aliposimama.

"Mimi?" Lahayam akapiga kelele. "Naapa... Naapa kwa Amm..."

"Usiape tena!" kuhani akanguruma.

Thuwayb akarudisha macho kwa mkewe. Akalitazama tumbo, halikufichika tena hata na shela.

"Mimba ya nani?"

"Ya nduguyo."

Moshi wa ubani ulipita katikati yao. Barat alisubiri tusi, alisubiri mate usoni. Badala yake Thuwayb akasema kwa sauti ya chini, ya mtu aliyechoka, "Basi sema hunijui. Sema, Barat. Mimi nimeshazoea kuwa mfu. Sema ushuke nyumbani ukale, umekonda."

Laiti angemtukana! Angemtukana, pengine Barat angeweza kusema uongo.

Alirudi nyuma hatua chache. Aqrab, akidhani ameshaamua, akaanza kupaka jasi ndani ya kile kidirisha cha ukuta, haraka haraka, akinung'unika kwamba imekuwa nzito sana. Barat akainama, akakichukua kile kichwa kwenye mkeka. Kilikuwa kizito kama mtoto wa mwaka mmoja, na baridi, ijapokuwa jua lilikuwa limeshapanda. Akakipakata kifuani.

"Nipe, Bibi," Aqrab akasema. "Nipe niweke."

Barat akakiinua juu ya kichwa chake akakibamiza kwenye kizingiti cha kaburi.

Shingo ilikatika. Jicho moja likaruka, likaenda kusimama miguuni pa kuhani. Ule mlio ulipiga mlima wa pili ukarudi.

"Ndiye!" Barat akapiga kelele. "Ndiye Thuwayb, mume wangu! Na mama anamjua, na Lahayam anamjua, na nyinyi nyote mnamjua!"

* * *

Mambo yalikwenda mbio baada ya hapo.

Wale vijana wa mawe walikuwa hawana haja ya kuyaweka chini. Waligeuka tu. Wawili wakamkamata Lahayam mikono, wa tatu akampiga ngwala, akaanguka kifudifudi kwenye changarawe. Hakupigana nao.

"Uliapa!" kuhani akamwambia. "Uliapa kwa Amm kwamba umemzika!"

"Sikumwona amekufa, Baba." Mdomo wake ulikuwa umejaa vumbi. "Kiongozi wa msafara ndiye aliyeniambia. Nilikuwa na ngamia wa nyuma, siku nzima nyuma yao. Nilipofika akaniambia kaka yako amekufa kwa homa, tumeshamfukia. Sikuoneshwa hata kaburi."

"Kwa nini uliapa basi, mpumbavu wewe?"

Lahayam aligeuza uso, akamtafuta Barat kwa macho. "Kwa sababu kila siku alikuwa ananiuliza. Amezikwa wapi, nani alimwosha, alielekezwa wapi. Halali, hali. Nikasema nilimzika mimi, chini ya mti mzuri, ili apate kulala."

Barat akakumbuka ule mti. Lahayam alimsimulia ule mti mara nyingi sana, matawi yake, kivuli chake. Ulikuwa mti wa uongo, na ni kweli, usiku ule alilala.

"Muongo!" Thuwayb akasema. Alikuwa ameokota jiwe lake mwenyewe. "Miaka mitatu nachota maji nikiiwaza shingo yako. Ni nani angeniuza kama si wewe? Nani angepata faida? Umelichukua shamba langu, umelala na mke wangu! Shikeni kichwa chake vizuri."

Akainua mkono.

"Mwacheni! Mwacheni mwanangu! Mimi ndiye niliyemuuza!"

Ilikuwa sauti ya Bi Abali.

Alikuwa amejitoa mikononi mwa waliomshika, anatembea mbele na mikono imenyooshwa kama mtu aliye gizani, akajikwaa kwenye mabaki ya alabasta, akaanguka, akatambaa. Akatambaa mpaka akamgusa Lahayam, akamlalia mgongoni kumkinga.

"Mimi. Nilimwita kiongozi wa msafara nyumbani kwangu kabla hamjaondoka. Nilimpa dhahabu yangu ya harusi. Nilimwambia asimwue, amfikishe tu mahali ambapo hakuna njia ya kurudi. Huyu mjinga hakujua lolote. Mkimpiga yeye, mtampiga bure. Nipigeni mimi."

Jiwe likadondoka mkononi mwa Thuwayb. "Mama," akasema. "Mama?"

"Nimekwisha kusema mbele ya kuhani, sikusema uongo. Wewe si mwanangu. Sikukuzaa."

"Anasema nini huyu?"

"Mama yako alikufa akikuzaa. Mimi nilikuwa mke wa pili. Mwanangu wa kwanza nilikuwa nimemzika juzi yake, maziwa yananijaa yananiuma, nalia. Wakakuleta wakakuweka hapa." Akajipiga kifuani. "Baba yako akasema watu wasijue, wewe ukue ukiwa na mama. Waliojua wote wamelala humo ndani." Akaelekeza kidole kaburini, na ingawa hakuona, hakukosea. "Nilikunyonyesha. Nilikubeba na lile jeraha lako la kidevuni likinimwagia damu. Nilikupenda, usifikiri sikukupenda. Kisha Lahayam akazaliwa, na kadiri alivyokua niliona kwamba shamba lote la mfereji wa juu ni lako, nyumba ni yako, na huyu wa tumbo langu atakuwa mchungaji wa ngamia wa kaka yake mpaka azeeke. Nikavumilia miaka mingi. Halafu siku moja nikashindwa."

"Na leo? Ulinigusa uso ukanijua!"

"Nilikujua uliposema neno la kwanza." Uso wa kizee ulikuwa umelowa, machozi yakichuruzika kutoka kwenye yale macho meupe. "Ningefanyaje, mwanangu? Wewe ulikuwa umeshakufa. Huyu alikuwa hai."

Na alimwita mwanangu, msomaji. Hata yeye mwenyewe hakusikia.

* * *

Kuhani Nabatam alikaa chini kwenye kizingiti. Alikuwa ameshatoa hukumu nyingi juu ya mlima ule. Hii ilimlemea.

"Mama ameuza mtoto," akasema hatimaye. "Ndugu ameapa uongo, hata kama ni uongo wa huruma. Wote wawili wana hatia. Lakini aliyekosewa ni mmoja tu, na yeye yuko hai. Thuwayb, nyumba ni yako tena. Nitawapa hawa vijana neno utakalonipa wewe."

Wote wakamtazama Thuwayb.

Alikuwa ameketi kwenye changarawe, amekipakata kile kichwa kilichovunjika, akikisafisha vumbi kwa kidole, akikizungusha kwenye lile tundu la jicho. Barat alimwona akimtazama Bi Abali, kisha Lahayam, kisha jua, kwa makini, kama mtu anayetaka kujua limebaki kiasi gani kabla ya kuzama.

"Nimesamehe," akasema.

"Umesemaje?"

"Nimewasamehe wote wawili. Mimi ndiye niliyezikwa, na mimi ndiye ninayesema. Mama arudi nyumbani apike, akae mahali pake. Lahayam mwachieni. Hakuna atakayewagusa."

Wanawake wakaanza kulia, safari hii kwa furaha, wengine wakampigia vigelegele. Mwanamke yule aliyekuwa amemdhihaki maiti alikuja akabusu pindo la joho lake la matambara. Lahayam alijiburuta kwa magoti mpaka miguuni pa kaka yake, akaikumbatia. Aqrab alikung'uta jasi kwenye viganja, akamwambia kuhani kwamba miaka yote ya kazi yake hajawahi kuona jiwe lililovunjwa likaleta heri.

Barat naye alilia. Moyo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, ulikuwa umeshuka mahali pake. Hakujua atalala nyumba gani wala kwa mume yupi. Hayo yangezungumzwa. Wazee wapo. Kilichokuwa muhimu ni kwamba wote wanne walikuwa wanashuka mlima wakiwa hai, na wa tano tumboni.

Thuwayb akaja akamshika mkono.

Akamwongoza pembeni, nyuma ya kaburi la ukoo mwingine, mahali ambapo bonde lote linaonekana, mashamba na mifereji na kuta za Timna. Barat akadhani anataka kumlilia peke yake. Akamwachia mkono wake kwa moyo mweupe.

"Asante kwa kulivunja," Thuwayb akasema.

"Ungefanya hivyohivyo kwa ajili yangu."

Akanyoosha kidole. "Tazama kule chini. Pale kwenye mitende ya mwisho."

Barat akatazama. Kulikuwa na ngamia waliopigishwa magoti kivulini, na watu kadhaa waliojifunika nyuso, wameketi bila kuwasha moto. Hawakuwa watu wa Timna. Hawakuwa wamefungua mizigo.

"Ni akina nani?"

"Ndio wenyewe. Ndio walioninunua." Alisema hivyo kama anayetaja majirani. "Ulidhani nilitoroka? Hakuna anayetoroka kule, Barat. Wameniachia kwa ahadi. Nilisema nitawapa mtu wa nyumba yangu badala yangu. Nilikuwa nimemweka Lahayam. Njia nzima nilikuwa nikimwona amefungwa mahali pangu, ila nilipomwona mbele yangu hasira ilinisahaulisha yote."

"Lakini umemsamehe! Umeona mwenyewe, hana kosa. Na sasa uko nyumbani, watu wako wamejaa hapa. Waite vijana wawafukuze!"

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Wana binti yangu."

Barat hakuelewa. Neno lenyewe lilipita sikioni kama la lugha nyingine.

"Nilipewa mwanamke kule," Thuwayb akasema. "Mtumwa mwenzangu. Alikufa majira ya baridi. Mtoto ameanza tu kutembea. Yuko pale, juu ya ngamia wa kwanza, ndani ya kapu. Wamesema wazi kabisa: jua likizama bila mtu, wanaondoka naye."

Upepo ukavuma kutoka bondeni. Barat akayakaza macho mpaka yakamwuma, na kweli, kwenye ubavu wa ngamia wa kwanza kulikuwa na kapu, na ndani ya kapu kitu kidogo kilikuwa kinasogea.

"Thuwayb," akasema polepole, "utampa nani?"

"Lahayam nimemwachia mbele ya kuhani, siwezi kulirudisha neno langu. Mama ni kizee, na ni kipofu. Hawamtaki. Wanataka mtu wa kufanya kazi." Akalitazama tumbo la Barat. "Au mwanamke anayezaa."

Kwa mbali Lahayam alikuwa akimwita Barat, sauti yake bado imejaa kilio cha furaha, akimwuliza yuko wapi, watu wanashuka.

Barat akafungua mdomo amwitikie. Akajaribu kuuvuta mkono wake.

Vidole vya Thuwayb vilikuwa vimezoea kamba za visima. Havikulegea.